Katibu wa Ulinzi na Mchezo Usio na Mwenyewe

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Mvua ilianza kabla ya alfajiri ikakatika saa tatu kasoro robo, kisha jua likatoka kali na matope ya Kisugu, mtaa wa Kampala, yakaanza kufuka mvuke.

Saa tatu na nusu Namalwa alikuwa amesimama mlangoni kwa mzee Odyek, viatu mkononi, akiomba barua.

Odyek alikuwa katibu wa ulinzi wa LC, ile halmashauri ya kijiji, maana hata katikati ya Kampala serikali huiita mitaa vijiji. Mtu akihamia pale sharti aandikwe katika daftari la Odyek. Akitaka barua ya kumtambulisha, iwe ya benki, ya shule au ya polisi, mwenyekiti hagongi muhuri mpaka aone saini ya Odyek. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na duka la misumari na saruji, na alikwisha sema mbele ya watu kwamba yeye macho yake yako dukani, ya kijiji yako kwa Odyek.

Namalwa alikuwa Mkenya, Mbukusu wa Bungoma, mwanamke wa miaka thelathini na minne aliyefanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa nakala huko Kamwokya. Kibali chake cha kazi kilikuwa kinakwisha. Watu wa uhamiaji walimtaka alete barua ya LC kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Bila barua hapati kibali, na bila kibali anafunga mizigo na kurudi Bungoma, ambako hakuwa na kazi wala nyumba tangu mama yake afariki.

"Ni karatasi moja tu, mzee," alisema.

"Karatasi moja imewahi kumtoa mtu gerezani," Odyek akajibu. "Na nimeona karatasi moja ikimwingiza. Wale watu wanaokaa kwako Jumapili ni nani?"

"Marafiki. Tunacheza mchezo wa simu."

"Mchezo wa nani?"

Namalwa akahamisha viatu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Sijui, mzee. Uko tu mtandaoni."

"Njoo Alhamisi asubuhi."

"Mzee, Alhamisi ikiharibika nina nusu siku tu."

"Nimesema Alhamisi. Sijasema hapana."

Alipoondoka, Odyek alivuta kalamu iliyokuwa inaning'inia shingoni kwa uzi akaandika saa, jina, ombi, na maneno haya: *alisita kabla ya kujibu.*

Kusita kwa mtu ndiko kulikomlisha Odyek maisha yake yote. Alizaliwa Lira, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, akaingia polisi mwaka 1989. Kiswahili alikijifunza chuoni kwa kupigiwa kelele, na mpaka leo anapomhoji mtu hutumia Kiswahili hata kama wote wawili ni Walango, watu wa Lira, na wangeelewana kwa lugha ya mama zao. Alitumikia miaka thelathini na miwili na hakupanda juu ya sajini. Kulenga shabaha hakuweza, kukimbiza umati hakuweza. Alichoweza ni kitabu cha matukio. Wakubwa walikuja na kuondoka, yeye akabaki mezani, mwandiko wake ule ule, kila tukio na saa yake. Mara moja mkubwa mmoja alimwomba aruke mstari mmoja tu, jina moja la mtu mmoja. Hakuruka. Walimhamishia mbali kwa miezi kumi na minane, akarudi na kikohozi na sifa kwamba Odyek haachi kitu nje ya kitabu. Sifa ile ndiyo iliyompa ukatibu wa ulinzi alipostaafu, kazi isiyo na mshahara.

Sasa katika daftari lake, tangu Agosti, kulikuwa na kurasa tatu za baraza la Namalwa. Kila Jumapili baada ya ibada walikuja watu watano, sita, mara nyingine tisa. Alikuwapo mwalimu Zuleika anayefundisha Old Kampala. Alikuwapo Okwir, askari wa lango la ghala moja. Walikaa na simu zao, wakaandika vitu kwenye vijitabu, wakacheka kidogo, wakatawanyika. Watu wazima hao. Hawakunywa, hawakuomba, hawakuuza kitu. Na mwaka wenyewe ulikuwa wa uchaguzi, na maagizo yalishatoka kwamba kila mkusanyiko ujulikane. Odyek angemwelewa mlevi. Mtu anayekusanya watu kwa jambo lisilo na faida alimtia wasiwasi.

Adhuhuri alishuka mpaka kituo cha bodaboda. Bonny, dereva wa miaka arobaini mwenye masharubu, alikuwa amekaa ubavu juu ya pikipiki yake, kichwa kimezama kwenye simu. Odyek akasimama nyuma yake akahesabu mpaka ishirini.

"Unafanya nini?"

Bonny nusura aangushe simu. "Afande, umenishtua."

"Asiye na kosa hashtuki."

"Asiye na kosa ndiye anashtuka, afande. Wenye makosa wamezoea."

Madereva wengine wakacheka. Odyek hakucheka. "Jumapili unaendaga kwa yule Mkenya. Nionyeshe hiyo kitu."

Bonny akamwonyesha. Kwenye kioo kulikuwa na mji mdogo uliochorwa kwa vipande vya mraba, na katikati yake kijitu kimevaa kofia. "Unatembea na huyu. Unakuta mnyama. Unampunguza nguvu, unamkamata, unamlea. Halafu unampambanisha na wa mwenzako, au mnabadilishana."

"Wewe una watoto wanne."

"Na wanyama sitini na mmoja."

"Nani mwenyewe?"

"Hana mwenyewe. Yaani ule wa zamani una mwenyewe, wazungu na Wajapani huko. Huu watu walioupenda wameutengeneza upya, wakaweka vitu vya hapa. Hauuzwi. Mtu anampa mtu."

"Kitu cha bure, hakina mwenyewe, kinapita mkono kwa mkono mwaka wa uchaguzi," alisema Odyek polepole, kama anayesoma mashtaka. "Na wewe mtu mzima umekubali."

Bonny aliifuta simu kwenye paja. "Afande, nisikilize. Nikiwa mtoto mama yangu alifulia nguo familia moja ya Kihindi Old Kampala. Mtoto wao alikuwa na kile kimashine cha mchezo wa zamani. Kila Jumamosi aliniachia dakika kumi, amesimama hapo hapo akitazama saa. Nikajua majina ya wanyama wa misitu nisiyoijua, ya theluji, ya bahari. Nikawapenda, sitakataa. Lakini huu, mnyama wa kwanza nilimkuta kwenye jalala la Kamwokya. Nikitazama, kaloli." Kaloli ni yule ndege mkubwa mwenye kipara na mfuko shingoni, asiyekosekana penye taka za Kampala. "Nilicheka mpaka abiria akaniuliza kama niko salama."

"Na huyo kaloli anafanya nini?"

"Anasimama tu anakutazama. Kama wewe."

Safari hii kituo kizima kilicheka. Odyek akatoa simu yake. "Nitumie. Ni ya uchunguzi."

Jumanne mchana, kibarazani kwake, alianza uchunguzi. Alikusudia nusu saa. Kwanza aliandika: *ramani inaonyesha barabara za kweli.* Pili: *mchezo hauombi jina wala namba ya simu ya mtu.* Hilo la pili hakulipenda, kwa sababu alilitarajia liwe kinyume. Akatembeza kijitu chake kutoka Kisugu mpaka Kabalagala. Akakutana na kitu kiitwacho Jeneri, mnyama wa chuma mwenye mkia wa kamba, anayeamka umeme ukikatika tu na hakamatwi mpaka uuvute mkia wake mara tatu. Odyek alivuta mara mbili, mnyama akakohoa akazima. Mara ya tatu akamkamata.

Hapo likafunguka daftari.

Mchezo ule ulikuwa na daftari ndani yake. Kila mnyama na namba yake, mahali alipoonekana, saa aliyoonekana, tabia zake. Namba ya kumi na nne ilijaa: Jeneri, Kabalagala, saa nane na dakika tano mchana. Juu yake mistari kumi na mitatu mitupu. Chini yake mitupu zaidi ya mia. Odyek aliitazama ile mitupu kwa muda. Hakuwahi kuvumilia mstari mtupu katika kitabu chochote kilichowekwa mbele yake. Alijiambia kwamba uchunguzi wa nusu haufai, akaendelea, na mkewe Aol alipotoka kuanua nguo saa kumi na moja alikuwa amejaza mistari kumi na mmoja, na chai yake ya saa nane ilikuwa bado iko pale pale na nzi ndani.

"Umeacha chai," Aol alisema.

"Niko kazini."

"Naona." Akaanua shati, akaangalia kioo cha simu kwa pembe ya jicho, akaingia ndani. Odyek aliliona lile jicho. Aliliweka akilini.

Jumatano asubuhi alifika kwenye kambi.

Alikuwa amevuka mto wa maji machafu wa mchezo, akapita uwanja, na kioo kikamfungulia kambi ya polisi. Odyek akasimamisha kidole. Haikuwa kambi yoyote tu. Zilikuwa zile nyumba za bati za mviringo, safu nne, alizokaa yeye na Aol tangu 1994 mpaka zilipobomolewa. Nyumba ya saba ya safu ya pili ilikuwa na kiraka cha bati jekundu. Kiraka kile alikipigilia mwenyewe, baada ya mvua ya mawe. Hakuna gazeti lililowahi kupiga picha kiraka kile. Leo pale pana jengo la ghorofa, na watu waliokaa kwenye mabati wametawanyika, wengine wamekufa.

Mtu aliyejua kiraka alikuwa amemhoji mtu wa ndani. Kwa nini? Akaandika: *chanzo ni mtu aliyeishi kambini.* Kisha akaanza kukagua mchoro kama anavyokagua maelezo ya shahidi, akitafuta penye kosa, kwa kuwa kosa la shahidi huonyesha alikuwa amesimama wapi.

Alilipata kwenye bomba la maji. Bomba la kambi lilikuwa upande wa kulia ukiingia lango kuu. Kila polisi aliyewahi kukaa pale angesema kulia. Kwenye mchezo lilikuwa kushoto, na si bomba tu. Kila kitu kilikuwa kimegeuzwa, shimo la takataka, vyoo, kantini. Aligeuza simu juu chini, vyote vikakaa sawa. Yule aliyetoa habari alikuwa anaiona kambi kutoka nyuma. Na nyuma kulikuwa na tundu katika seng'enge ambalo wake wa polisi walipita wakienda sokoni, kwa sababu langoni walitakiwa kusimama na kuandikishwa kila wanapotoka hata kwa nyanya mbili. Polisi hakupita pale. Mwanamume yeyote asingeichora kambi kuanzia kwenye tundu lile.

Kulikuwa na jambo la pili. Langoni mwa kambi ile ya mchezo alisimama polisi mmoja asiye na jina. Kijitu cha Odyek kilipokaribia, maneno yakatokea: *Unatoka wapi? Unaenda wapi? Nani anakujua?* Ukijibu, yanatokea mengine: *Subiri. Naandika.* Na ulisubiri kweli, dakika nzima, ukimtazama anaandika. Shingoni mwake, kwa vipande vinne vidogo vya rangi, ilining'inia kalamu.

Aol alikuwa uani anachambua karanga kwenye ungo. Odyek alikuja akasimama mbele yake na simu mkononi.

"Mama Lakica. Wewe ndiye uliyempa yule Mkenya ramani ya kambi."

Aol hakuinua kichwa. "Sikumpa ramani. Nilimpa maisha yangu. Ramani ni kitu chako wewe."

"Lini?"

"Mwaka juzi, alipokuja. Hakujua mtu. Jumamosi alikaa hapa tunachambua karanga, ananiuliza nilikaa wapi nikiwa msichana wa kuolewa. Nikamwambia. Wewe ulikuwa mkutanoni."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Unauliza watu wote wa kijiji hiki isipokuwa mmoja."

Odyek akavuta kigoda akaketi, jambo ambalo hakulifanya anapohoji. "Kwa hiyo ni yeye aliyeutengeneza. Jana ameniambia hajui."

"Ungekuwa yeye, ungesema?" Akapuliza maganda. "Nami ninao, kwenye simu yangu. Nina wanyama themanini na wawili. Usinitazame hivyo. Nyumba yetu imebomolewa, baba Lakica. Mahali pengine pote nimekwenda kuitafuta haipo. Pale naingia kwa tundu letu, nateka maji, naenda mpaka kwenye kiraka chako. Mle ndani kuna mnyama wa bati anayelia mvua ikinyesha. Nimemkamata mara tatu nikamwachia, ili nimkute tena."

Odyek akauliza, akitazama ungo: "Na yule polisi wa langoni. Watu wanamcheka?"

"Mwanzoni. Wanamtukana kwa kuwachelewesha." Aol akamtazama sasa. "Lakini ukishaandikwa na yeye, ukivuka kambi ile hakuna mnyama anayekugusa. Bonny aligundua. Siku hizi wanapanga foleni."

Saa kumi na mbili jioni, Namalwa aliporudi kutoka Kamwokya, alimkuta Odyek amekaa barazani kwake yeye Namalwa, daftari magotini. Hakushangaa sana. Alifungua mlango, akamtolea maji ya kunywa, akakaa kwenye ngazi.

"Jana ulisema hujui mwenye mchezo," alisema Odyek.

"Nilidanganya, mzee."

"Kwa nini?"

"Kibali changu kinasema mhudumu wa duka la kuchapa. Hakisemi fundi wa michezo. Mtu wa uhamiaji akiona nafanya kazi nyingine, hataniuliza kama nalipwa. Halafu ule wa asili una wenyewe, na wenyewe wana mawakili. Kuna watu huko nje walitengeneza kama huu, wakaandikiwa barua, wakafuta kazi yote."

"Kwa hiyo umevunja sheria ya watu."

"Nimechukua namna ya kucheza. Wanyama ni wangu. Sijui sheria inasemaje, na sina wa kumuuliza bila kujitaja."

"Unapata nini?"

"Sipati kitu."

"Mtu hafanyi kazi miaka miwili bila kupata kitu. Nimehoji wezi, nimehoji wachungaji. Kila mmoja kuna alichokuwa anapata."

Namalwa alifikiri. "LC wanakulipa kiasi gani, mzee?"

Chini barabarani muuza chapati alikuwa anawasha jiko lake.

"Nilipokuja sikuwa na mtu," Namalwa akaendelea. "Kila nilipopita watu waliniuliza natoka wapi. Wewe ulikuwa wa kwanza. Nikawa natembea kutoka kazini kwa miguu, nachora. Nikichora mahali, siku ya pili napita pale naona kama napafahamu. Basi nikaona nipaweke mahali ambapo na mwingine atapita."

"Barua inatakiwa kusema mtu anafanya nini hapa kijijini. Nikiandika hii?"

"Nitarudi Bungoma."

"Nisipoandika?"

"Hilo unalijua wewe. Mimi sijawahi kukaa upande huo wa meza."

Odyek alifunga daftari. Kila kitu alichoambiwa kilikuwa na maelezo, na mambo yenye maelezo kila upande ndiyo aliyoyaogopa zaidi kazini. Hata hivyo alikuwa ameona bomba lile kushoto, kama Aol alivyoliona akipita kwenye tundu. Mwongo wa kazi angemwonyesha mtu bomba kulia, kama ilivyo kwenye michoro ya serikali. Akasimama, akamwambia alale mlango umefungwa kwa sababu kuna wezi wa simu mtaa wa chini, akaenda zake.

Alhamisi asubuhi aliandika barua kwa mkono wake. Aliandika kwamba Namalwa anakaa kijijini tangu Septemba 2023, kwamba ni mhudumu wa duka la kuchapa, kwamba hana kesi wala ugomvi, na kwamba yeye katibu anamfahamu binafsi. Mistari miwili chini ya pale ilikuwa imeachwa kwa maelezo mengineyo. Kalamu ilikaa juu yake kitambo. Akapiga mstari mmoja wa mshazari kutoka kona hadi kona, kama inavyofanywa karatasi isiongezwe neno na mtu mwingine, akatia saini. Saa moja na robo mwenyekiti aligonga muhuri juu ya mfuko wa saruji bila kuisoma.

Namalwa aliipokea njia panda akielekea kazini. Aliisoma amesimama, akaisoma tena.

"Mzee, asante."

"Usinishukuru. Tia saini hapa kwamba umeipokea. Na Jumapili nataka majina ya wanaokuja kabla hawajaja, si baada. Wote."

"Sawa, mzee."

"Na Okwir yule simwamini. Anacheka kuliko inavyompasa askari wa lango."

Akamwacha anaikunja barua, akapandisha kilima kwenda kwenye nyumba ya manjano, ambako jana alasiri wapangaji wapya walikuwa wameshusha magodoro manne na hakuna hata kiti kimoja. Akagonga mlango, akarudi nyuma hatua mbili, akaanza kuhesabu.